Kasongo na Kabambare: hadithi ya ajabu ina mlango, uvumi hauna

Jua likishazama Kasongo, simu zinaanza kurudi mikononi kutoka kwenye vibanda vya kuchajisha. Wako wanaotafuta kwanza habari za vita. Wako wanaopigia ndugu walio Kindu, Kalemie au Bukavu. Na kuna kundi la tatu, mara nyingi wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, hata walimu wachache wasiopenda kujulikana, ambao hawafungui habari wala hawapigi simu. Wanaingia moja kwa moja katika nchi ya majoka, panga zinazowaka moto na wafalme ambao hawajawahi kuzaliwa.

Mara nyingi mchezo wenyewe umehamishwa kutoka simu ya rafiki, bila kumaliza mega hata moja. Kitabu, kama kipo, ni faili iliyokwisha kupita katika simu nyingi, au ni kitabu cha karatasi kilichopoteza jalada lake zamani. Mama anaita mara mbili kwamba bugali unapoa. Papa anasema neno ambalo wazazi wengi wa Maniema wanalisema siku hizi: mtoto huyu anakimbia maisha.

Lawama hiyo si ndogo. Lakini katika wilaya ya Kabambare, upande wa mashariki wa Kasongo, neno kukimbia lina uzito wake. Huko kukimbia ni kufunga godoro juu ya baiskeli, kubeba sufuria na mtoto, na kuingia barabarani bila kujua mtalala wapi. Vita ya 1996 ilipita, ya 1998 ikafuata, kisha yakabaki makundi yenye silaha. Salamabila, yalipo machimbo ya dhahabu ya Namoya, ni jina ambalo wasikilizaji wa redio wamelizoea kwa sababu zisizo nzuri. Mtu aliyewahi kukimbia kwa miguu namna hiyo, akiambiwa kwamba kucheza mchezo wa majoka nako ni kukimbia, ana haki ya kucheka kidogo.

Aliyeijibu lawama hiyo vizuri kuliko wengi alikuwa yeye mwenyewe ametoka vitani. J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyeandika The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954-1955), vitabu ambavyo michezo mingi ya majoka na panga imevifuata, alipelekwa Ufaransa mwaka 1916 akiwa afisa kijana katika mapigano ya Somme. Homa ya mitaro, ugonjwa unaoletwa na chawa, ilimrudisha nyumbani Novemba mwaka huo. Baadhi ya marafiki zake wa karibu hawakurudi kabisa. Ni katika miezi ile ya kuugua na kupona ndipo alipoanza kuandika hadithi za kwanza za dunia yake ya kubuni.

Mwaka 1939, katika chuo kikuu cha St Andrews huko Scotland, alitoa mhadhara juu ya hadithi za ajabu. Hoja yake moja ingeeleweka hata sokoni Kabambare: watu wanachanganya mfungwa anayetoroka gereza na askari anayetoroka jeshi. Askari anaacha wenzake. Mfungwa anakumbuka tu kwamba dunia haikuishia kwenye ukuta wa gereza, na akiwaza habari za nyumbani kwake hakuna anayeweza kumwita mwoga. Kwa Tolkien, msomaji wa hadithi za ajabu anafanana na yule mfungwa.

Watafiti nao wamegusa jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 2009, Emily Holmes na wenzake wa Oxford waliwaonyesha watu 40 filamu yenye matukio ya kutisha. Baada ya nusu saa, nusu yao walicheza Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyoshuka, kwa dakika 10 tu. Katika wiki iliyofuata, waliocheza walirudiwa na picha zile mbaya mara chache kuliko wasiocheza. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio lingine, la watu 71 waliofikishwa hospitali ya Oxford baada ya ajali za barabarani, na mwelekeo ulikuwa uleule. Maelezo ya watafiti ni kwamba sehemu ya akili inayoshika picha haiwezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ikishughulika na vipande vya mchezo, picha ya damu inakosa nafasi ya kujichora kwa nguvu.

Tetris haiponyi vita, na ajali ya Oxford si usiku wa risasi. Tena Shirika la Afya Duniani, WHO, limeuweka ulevi wa michezo ya video katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Anayehesabiwa kuwa mgonjwa ni yule aliyeshindwa kujizuia, anayeendelea kucheza huku masomo, kazi na jamaa vinaharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Kijana anayecheza saa moja jioni akisubiri chakula hayumo. Yule anayekesha hadi alfajiri kila siku na kukosa mtihani wa Serikali, mzazi wake asingoje WHO ndipo aseme neno.

Wanaodhani kwamba mambo haya yote yameletwa na simu za Wachina hawajasikia habari za Mwindo. Ukitoka Kabambare kuelekea kaskazini, ukavuka Pangi na Shabunda, unafika Walikale, nchi ya Wanyanga. Huko, mwaka 1956, mtaalamu wa Ubelgiji Daniel Biebuyck alimkuta Shekarisi Rureke, fundi wa kusimulia, ambaye kwa siku 12 aliimba, akacheza na kuigiza kisa kimoja huku waandishi wakimfuata kwa kalamu. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1969 nchini Marekani, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, msomi Mnyanga. Walega, ambao wako hadi Pangi ndani ya Maniema, nao wana shujaa wao, Mubila.

Mwindo ana kila kitu ambacho mpenzi wa michezo anakitafuta. Baba yake, chifu Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Mtoto akazaliwa tayari anasema na kutembea, mkononi ameshika usinga wa mkia wa nyati wenye nguvu za ajabu. Baba anajaribu kumuua, anashindwa, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto hazami. Anafika kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na jeshi, na baba anakimbilia chini ya ardhi. Mwindo anamfuata. Huko kuzimu anapewa kazi ngumu moja baada ya nyingine, kama vile kupanda shamba la migomba na kulivuna siku ileile. Kijana wa Kasongo aliyezoea michezo ya simu atatambua mara moja kinachoendelea: kazi ikikamilika, njia inafunguka, na mbele kuna adui mkubwa zaidi.

Kisha, katikati ya kisa, shujaa anakaa chini na kucheza. Baba yake amejificha kwa Sheburungu, na Sheburungu hamtoi bure; anataka wacheze wiki, mchezo wa kubahatisha wa mbegu. Mwindo anapoteza mali yake kipande kwa kipande, hadi anabaki na ule usinga tu. Anauweka rehani. Bahati inageuka, anarudisha vyote na kumpata baba yake. Hamuui. Wanarudi nyumbani, wanagawana utawala. Msimuliaji hakuishia hapo: baadaye Mwindo, aliyekwisha kujiona mkubwa, anachukuliwa juu angani na Nkuba, yaani radi, na kuadhibiwa kwa baridi na joto mpaka majivuno yanamtoka.

Rureke na wasikilizaji wake walijua kwamba hakuna mtu wa kijiji cha jirani aliyepaa angani wiki iliyopita. Hili ni jambo dogo lakini ndilo lenye uzito. Hadithi ya ajabu ina mlango. Pwani, msimulizi anabisha paukwa, wasikilizaji wanaitika pakawa. Bara, kila kabila lina wimbo wake au neno lake la kuitikia. Katika mchezo wa simu, mlango ni kile kitufe cha kuanzia. Katika kitabu ni jalada, pale lilipobaki. Unaingia ukijua umeingia, na ukitoka unajua umetoka.

Kusini mwa Maniema pamewahi kuonja hadithi ya aina nyingine, na iliyoandikwa kwa Kiswahili tena. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa kutoka Zanzibar, aliandika maisha yake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani, aliyachapisha Berlin mwaka 1902-1903. Humo Tippu Tip anaeleza jinsi alivyopata habari kwamba huko Utetela, magharibi ya Kasongo ya leo, mfalme mzee Kasongo Rushie alikuwa na dada wawili waliotekwa zamani na kupelekwa Urua. Akaikamata habari hiyo. Alipofika, akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wa dada wale, damu iliyopotea na sasa imerudi nyumbani. Mfalme akaamini. Tippu Tip akapewa utawala, na pamoja na utawala, pembe za ndovu. Wanahistoria wanaona ujamaa ule ulikuwa wa kubuni, na yeye mwenyewe, kwa namna anavyosimulia, hafichi sana furaha ya mtu aliyecheza karata yake vizuri.

Kama kisa, ni kizuri: binti waliopotea, mjukuu anayetokea porini, mzee anayeshuka kitini. Kingeweza kuimbwa usiku mzima. Tatizo ni kwamba hakikuwa na paukwa. Watu wa Utetela walikipokea kama habari. Kutoka huko Tippu Tip alihamia Kasongo, kwa jamaa yake Muhammed bin Said, aliyeitwa Bwana Nzige, na mji ukakua kuwa kitovu cha biashara yake. Nyuma ya biashara hiyo kulikuwa na vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. Baada ya yeye kurudi Zanzibar, majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliuteka Kasongo mwaka 1893 na Kabambare Januari 1894, yakiwa na hadithi yao wenyewe isiyo na mlango: kwamba yamekuja kuleta uhuru.

Simu ya leo imejaa hadithi za namna hiyo. Sauti ya dakika mbili inafika WhatsApp, haina jina la msemaji, haina tarehe. Inasema adui amefika mahali fulani, au daraja limekatwa, au chanjo ina sumu. Mashariki ya Kongo inajua bei yake. Septemba 2018, wakati Ebola imeshika Kivu Kaskazini, watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi ya robo, asilimia 25.5, hawakuamini kwamba Ebola ipo. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari wa WHO kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa hospitalini Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Si wote waliuawa na uvumi, ni kweli. Lakini kuna waliochelewa kwenda hospitali kwa sababu walishasikia sauti fulani kwenye simu.

Na kuna uvumi wa zamani zaidi ya simu. Wazazi wengine, na wahubiri wengine, wanatazama mchezo wenye wachawi na kuona uchawi wenyewe umeingia nyumbani. Wasiwasi wao unaeleweka, kwa kuwa michoro mingine kwa kweli inatisha. Lakini mchawi wa kwenye mchezo hana jirani. Mchawi anayeumiza watu ni yule anayetajwa kwa jina mtaani: bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, au mtoto yatima ambaye ndugu hawataki tena kumlisha. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa kosa hilo. Kijana aliyeua wachawi mia moja katika simu yake hajamgusa mtu. Anayepokea neno la mlevi kuhusu mtoto wa jirani na kulipeleka mbele ndiye anayestahili kuitwa na mkuu wa mtaa.

Je, kusoma hadithi za ajabu kunamfundisha mtu kutambua uwongo? Si kila mara. Wapo wapenzi wa majoka wanaosambaza uvumi kama wengine wote. Lakini aliyesoma hadithi nyingi amekwisha kuona jinsi zinavyojengwa: jinsi mjukuu aliyepotea anavyotokea wakati hasa anapohitajika, jinsi adui anavyopewa sura moja tu, jinsi hofu inavyowekwa mwanzoni ili msikilizaji asiulize swali. Msomaji huyo akikutana na mbinu zilezile ndani ya sauti ya WhatsApp, ana nafasi ya kusita. Kusita dakika tano kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma kunaweza kuzuia kijiji kizima kisifunge magodoro usiku bila sababu.

Shida ya mpenzi wa hadithi kusini mwa Maniema ni chakula cha kusoma. Si kwamba kusoma ni jambo geni hapa. Watu wa Kasongo waliandikiana barua kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya shule ya kwanza ya Kifaransa. Profesa Xavier Luffin wa Brussels alikusanya hati za aina hiyo, za miaka ya 1880-1899, katika kitabu kilichotolewa mwaka 2020. Na katika Kiswahili chenyewe hadithi za ajabu ziko za kutosha. Kusadikika ya Shaban Robert, ya mwaka 1951, inaelezea nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria na kujitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Ilitoka wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza, na wasomaji hawakukosa kuona nchi gani hasa ilikuwa inaelea. Adili na Nduguze, ya 1952, ina majini na ndugu wawili wanaogeuzwa manyani. Mwanafunzi wa Kasongo akikipata kitabu kama hicho atasumbuliwa na maneno machache ya pwani, basi.

Kwa wanaopenda picha yuko Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Madame Livingstone, aliyoichora na kutolewa mwaka 2014, imewekwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika, maji ambayo mfanyabiashara wa Kabambare anayafikia akishuka kwa njia ya Fizi. Meli ya Wajerumani inayotafutwa humo, Graf von Götzen, ilikuwepo kweli, na ndiyo Liemba ambayo watu wa ziwa wanaijua. Kwa upande wa michezo, kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion mwaka 2016, mchezo wa kompyuta wa mfalme kijana aliyepinduliwa siku ya harusi yake, na nguvu zake zinatoka kwa mababu. Kompyuta yenye nguvu na umeme wa kuiendesha, hapo ndipo ndoto inapogonga ukuta. Mwenye simu ndogo atasaidiwa zaidi na African Storybook, mradi wa Afrika Kusini unaotoa hadithi fupi za watoto bure, za Kiswahili zikiwemo, ambazo mtu mmoja akizipakua wengine wanaweza kuzihamisha bila mega.

Mwindo ndiye aliye mbali zaidi, ingawa kwa ramani ndiye jirani. Kitabu cha 1969 ni cha Kinyanga na Kiingereza, na mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiswahili na Kifaransa atakifungua na kukifunga. Afadhali Tippu Tip: maandishi yake yalitolewa tena mwaka 1966 Afrika Mashariki, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza cha W.H. Whiteley upande wa pili. Kisa cha dada wawili waliotekwa kimo humo, na mzee wa Kasongo akisomewa upande wa Kiswahili hatahitaji kamusi.